Mkate wa Chachu Mlangoni

Mama yangu mpenzi,

Punda uliyemtuma kuja kunichukua amefika salama. Samaki wa chumvi tumewala siku hiyohiyo, na mama mkwe alilamba vidole. Mbuzi wetu amezaa mapacha.

Ulichosikia huko Ashdodi ni kweli: wazee wameamua wake wa kigeni warudishwe makwao. Jirani yangu Mwamoni ameondoka na mtoto mgongoni. Nilishindwa kumtazama.

Kwetu wazee wawili walifika mkesha wa Pasaka, nikiwa nafagia chachu yote itoke nyumbani kama sheria yao ya sikukuu inavyotaka. Mzee Gemaria alipotaka kuingia, nikamwekea ufagio mlangoni.

“Samahani, mzee. Huo mkate wa safari mkobani mwako una chachu. Humu hauingii.”

Akapapasa mkoba, uso ukamshuka.

“Mpe mbwa tu, ndugu yangu,” mama mkwe akamwambia kutoka ndani. “Hata mimi wangu kaninyang'anya asubuhi. Huyu hana mkubwa.”

Mwenzake akacheka mpaka akaegemea ukuta. Gemaria akamtupia mbwa mkate, akakung'uta mkoba mara mbili huku namsimamia, kisha akamgeukia mume wangu.

“Pelatia, nilikuja kumtoa mgeni. Naona mgeni hapa ni mimi.”

Tulikula naye Pasaka, na mfupa wa mwisho aliuguguna yeye.

Usinikasirikie, mama. Chumba changu mpe mdogo wangu. Punda namrudisha, nimempakia zabibu kavu mpaka hapana pa kukaa mtu.

Ni mimi binti yako, wa Yerusalemu,
Arishati