Redio ya Baba Inaongea Tena

Kimisagara, Kigali

Dada Raihana,

Shika barua hii kwa mikono miwili, maana aliyeiandika ndiye fundi mkubwa kuliko wote Kigali, ila wale wa maofisini Kimihurura wenye tai bado hawajapata habari. Assalam alaikum. Mwanza mnaendeleaje? Mgongo wako je, na biashara ya vitenge? Mama mzima, anashona sare za shule huku ananigombeza. Mimi nimenenepa, hasa upande wa akili.

Redio ya marehemu baba inaongea tena. Mama alipoisikia aliacha sindano katikati ya kola.

Nimeitengeneza kwa kompyuta, sikudanganyi. Kuna programu unachora humo saketi nzima, betri, rezista, transista, kisha unabonyeza na umeme wa kuigiza unapita. Nimeua transista mia mbili bila hata harufu ya moshi. Mwanzoni ilinikatalia siku mbili, inasema saketi haina ethi, ile alama ya waya wa ardhini. Nikaigombeza kwamba redio za Kimisagara tunazifungua mezani na hakuna hata moja iliyowahi kudai ethi. Kumbe bila alama ile programu haijui ianzie wapi kupima volti. Nikaiweka, ikafanya kazi. Mimi huyu, niliyeaga shule kidato cha pili!

Kompyuta ni ya Mutabazi. Usikunje uso, endelea kusoma. Tangu ulipokataa posa yake kwa sababu ya redio hii hii, bado anakuja kumsalimia mama kila Ijumaa. Alinifundisha wiki tatu bila kuniita mjinga, ingawa nafasi nilimpa nyingi.

Jumamosi akaniambia nichore redio ilivyokuwa imeunganishwa siku ile ilipoungua, tuone kilichoiua. Mkono ukachora wenyewe: betri ya pikipiki, volti kumi na mbili, moja kwa moja kwenye redio ya volti sita. Programu ikaonyesha transista mbili za mwisho zimebeba umeme mara nne ya uwezo wake. Mutabazi akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi. Betri ile yeye hajawahi kuiona. Nikangoja kofi. Akacheka kidogo tu, akasema, "Shafiq sha, ndugu yangu, sasa mwandikie dada yako."

Tukabadilisha transista mbili, ikaongea. Tangu siku hiyo nalala vizuri.

Mama anakusalimu sana, anauliza utakuja lini. Mutabazi hakunituma salamu, lakini nilimuona akikaa karibu na meza nilipokuwa naandika.

Ulisema huolewi na mtu anayeunguza kitu cha baba kisha anakana. Dada, alikana kwa sababu hakuunguza. Siku ile alifuta vumbi tu akaenda zake. Betri niliunganisha mimi, na jina lake nililitaja mimi. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatia kabla sijafika hapa.

Mdogo wako, fundi mkuu na mwongo wa nyumba hii,
Shafiq