Kipande Kisicho na Pa Kutupwa

Alhamisi. Mvua tangu mchana, na roho yangu imebanwa kama kidole kwenye mlango.

Leo nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia hata mama.

Tunachapisha kitabu cha kuwafundisha makarani wa ushirika wa maziwa kule Moiben kutumia kompyuta. Kazi yangu ni kupanga kurasa: nakata picha kwa wembe, nazibandika kwa gundi kando ya maneno. Picha za skrini zilipigwa kwa kamera wiki iliyopita, kompyuta ya kuazima ikiwa juu ya meza ya bosi. Mpiga picha, bwana wa haraka haraka, hakufunga pazia. Kioo cha skrini kikageuka kioo cha kujitazamia. Katika picha moja yumo Mtukufu Rais, vile anavyoning'inia ukutani mbele ya meza, kama katika ofisi zote za nchi hii.

Kichwa kiko juu ya maneno ya skrini. Kifua kiko katikati yao. Kompyuta imesharudi Nairobi, na wenye kitabu wanakuja kesho asubuhi. Pa kukata ni mahali pamoja tu.

Shingoni.

Nilimpelekea bosi, Mzee Kariuki. Akaitazama, akatazama ukutani, akavaa koti.

“Jerotich, wewe ndio unajua mambo ya kukata,” alisema. “Mimi naenda benki.”

Benki zilikuwa zimefungwa zamani. Mama Ciru, anayepiga chapa, akageuza kiti kuelekea dirishani. “Mimi sijaona kitu,” akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Sote tunamjua yule muuza nyama wa Yamumbi aliyemfungia mteja matumbo kwa gazeti lenye picha ya Mtukufu. Alilala ndani kwa polisi, na siku hizi hata salamu hajibu. Lakini nimewakasirikia. Woga ni wao, mzigo ni wangu.

Ningekataa? Ningeulizwa kwa nini, na jibu lenyewe ni kosa. Ningeiacha ilivyo? Rais kama mzuka juu ya hesabu za maziwa, hilo nalo ni kosa. Kweli mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.

Nikaweka rula, nikakata. Kifua nikakipaka wino mweusi kati ya maneno, rangi ya skrini yenyewe; uso nisingethubutu kuupaka. Ukurasa ukatoka safi kabisa, na ninaona haya kusema kwamba nilifurahi.

Halafu nikaona kile kipande chenye kichwa mezani, kidogo kama stempu, kinaniangalia.

Pipa letu la taka humwagwa nje, na wapita njia wana macho. Kukichoma ni kumchoma. Choo, Mungu anisamehe, hata kufikiria sitaki. Nimekuja nacho hadi nyumbani Kapsoya ndani ya soksi, nikichechemea njia nzima nisimkanyage.

Nyumbani nako siwezi kukiacha, maana dada yangu hufagia kila pembe. Basi kesho kitarudi nami kazini, chini ya ile picha nzima ya ukutani, na jioni tutarudi tena huku pamoja.

Mpaka lini, Jerotich?