Pedeli Zitakazodumu Kuliko Miguu Yangu

Baba watoto,

Maziwa yachemshe kabla hayajaharibika. Mdogo asitoke bila sweta, bado anakohoa.

Sasa tuje kwenye hizo pedeli zako ulizoifungia baiskeli yangu. Nilikuomba pana, za mpira, za kukanyagwa na mtu mwenye ndala anayekwenda zake taratibu. Wewe ukaniletea za chuma, zina meno kama msumeno, eti, "Hizi zitadumu, mke wangu." Zitadumu kweli, kuliko miguu yangu! Asubuhi hii nafika kwenye kona, nataka kushusha mguu, kumbe meno yameng'ang'ania ndala. Nikaanguka puu, mimi na baiskeli, mbele ya foleni nzima ya watu wanaosubiri mkate! Nimerudi nachechemea, muundi umechanika, sare ya kazi ina damu, nawe unakoroma!

~~Jioni usinipikie.~~ Pika, tena mapema.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo funguo za pikipiki yako usizitafute, ninazo mimi. Baiskeli iko mlangoni. Na ndala zangu nimekuachia.

Mama watoto