Maziwa Hayakumwamsha Kinyua

Mukurweini,
14 Juni 2024

Mpendwa ndugu yangu Hezekiah,

Pokea salamu za baridi ya huku, wewe ambaye Doha imekusahaulisha sweta. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike.

Habari mbaya ni ya Kinyua, mwana wa jirani yetu Wamae, yule wa bodaboda. Tulimzika Ijumaa iliyopita. Mchungaji alisema alichukuliwa usingizini, nasi tukaitikia amina. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa tumekificha hata kifo chenyewe.

Nilikuwepo, Hezekiah. Tangu aanguke na pikipiki alikuwa akimeza tembe kali za maumivu, za kununua kichochoroni bila karatasi ya daktari. Mchana ule alikoroma hadi tukamcheka. Mama yake akasema, "Wacheni alale, ako na usingizi tamu." Mkoromo ulipogeuka kama uji unaotokota, na midomo ikabadilika rangi, tulifanya tunavyomfanyia kila aliyekula sumu. Tulimnywesha maziwa. Kikombe nilikileta mimi, na kidevu nilikishika mimi. Maziwa yakaingia kifuani, akakata roho.

Muuguzi wa zahanati alituambia baadaye, bila kutukaripia, na hilo ndilo lililoniuma. Asiyeamka hatiwi chochote kinywani. Hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali upesi, kwa maana sindano ya kumzindua ipo.

Sasa sababu ya barua hii. Mwanao Wakonyo, tangu arudi likizo kutoka chuoni, analala mchana kutwa, anajikuna, chakula hataki. Juzi nikifua sweta yake nilikuta tembe zilezile, zimebaki mbili. Nikamuuliza, mimi shangazi yake.

"Ni za kichwa tu, tata. Si ati ni madawa ya kulevya. Usiambie baba."

Nimekuambia. Heri anichukie akiwa hai.

Usimpigie simu ukafoka, atajifungia, ingawa komeo la mlango wake nimeshaling'oa. Muuguzi yuko tayari kumsaidia, ila mtoto amekataa kufuatana nami. Anayemsikiliza ni wewe. Omba ruhusa uje, hata kwa wiki moja.

Jana nilimwita mara nne ndipo akafumbua macho. Naogopa, ndugu yangu. Naogopa hata kutoka kwenda kukama.

Mama anakusalimu, na Wamae pia. Nisalimie Jumaa unayeishi naye. Mungu akufungulie njia ya nyumbani.

Wako akupendaye,
dada yako Ngendo