Thurman Gilliam na Jumatatu Ambayo Haikumfikia

Mwaka umetimia, Thurman, tangu ututoke, na kiti chako kwenye safu ya mashemasi bado hakuna aliyethubutu kukikalia.

Maisha yako yote ya kazi ulitengeneza mabasi ya shule hapa Greenwood. Hukufungua injini kabla ya kuisikiliza. Ulikuwa unainama, unafumba macho, kisha unasema ni wapi inaporuka mapigo. Ulikuwa mwepesi wa kutoa na mgumu wa kuambiwa. Bibi Ardelia wa jirani alizoea kuamka na kukuta nyasi zake zimekatwa, na ukiulizwa unasingizia mbuzi. Daktari alipokukataza vitu vya chumvi, ulificha chupa ya mchuzi wa pilipili wenye chumvi kwenye sanduku la spana. Mkeo Verlene alijua. Alikuacha tu ujione mjanja.

Presha ulikuwa nayo tangu ujana, ukaizoea kama jirani msumbufu. Kila Jumapili ya kwanza, ibada ikiisha, wauguzi wa kanisa letu la Mlima Nebo waliweka meza ya kupimia ukumbini, Verlene akiwa kiongozi wao. Miezi ile ya mwisho, kila ukipimwa, alama ndogo ya moyo ilimemeta kwenye mashine, maana yake mapigo hayaendi sawa. Mdogo wako Lavelle, mpiga kinanda, akasema Roho bado hajakuachia. Watu wakacheka, kwa kuwa kila mtu alikuwa ametoka kuruka na kupiga makofi. Wakabadilisha betri ya mashine.

Verlene hakucheka. Alikushika kifundo cha mkono akahisi mapigo yakikimbia, yakisita, yakikimbia tena. Akakupeleka kwa Daktari Ezell, ukatolewa damu.

Alhamisi daktari akapiga simu. Damu ilionyesha moyo wako umeelemewa, na kwa mtu aliyekaa na presha muda mrefu, huenda mapigo yamevurugika. Yakiachwa hivyo, damu huganda moyoni na bonge likapanda kichwani. Alitaka uje kesho yake upimwe moyo na kubandikwa kifaa cha kufuatilia mapigo. Ukasema Jumatatu. Jumapili ilikuwa Siku ya Wanaume kanisani, wewe ndiye wa kuanzisha ule wimbo wa wazee, unaotolewa mstari mmoja mmoja kanisa likiitikia, na hukutaka kusimama mbele ya watu na vifaa chini ya suti nyeupe.

"Injini ya basi ikiruka mapigo hivyo, ungeliruhusu liende barabarani?" Verlene alikuuliza jikoni.

"Lile lina watoto ndani."

"Na mimi umenipakia wapi?"

Ukambusu kwenye paji la uso, ukasema, "Jumatatu, mama. Wakifungua mlango watanikuta."

Ijumaa na Jumamosi Verlene alikuwa roho juu. Ukikohoa, anageuka. Ukichelewa bafuni, anagonga. Jumapili alikaa mbele na glavu zake nyeupe za uuguzi, asiimbe hata neno, macho kwako. Ukatoa mstari wa kwanza, kanisa likakuitikia kwa ile sauti ndefu. Mstari wa pili ukauvuta nusu, neno likakukatikia mdomoni, ukaanguka.

Kwetu mtu akianguka katikati ya wimbo, haguswi. Ana shughuli na Mungu wake. Wakakufunika shuka jeupe wakakupepea. Makofi yakaongezeka, na Lavelle akakoleza kinanda. Verlene akapiga watu kumbo hadi akakufikia, akaona mdomo wako umekwenda upande. Akamwambia Shanetta, binti yenu, aite gari la wagonjwa, kisha akamgeukia Lavelle.

"Zima hicho kinanda."

"Shemeji, mwache. Bwana anamshughulikia."

"Hiki ni kiharusi, Lavelle."

Hakusikia, au hakutaka kusikia. Verlene akainama akachomoa waya ukutani. Kanisa zima likanyamaza, na ndipo tukasikia unavyokoroma.

Jumatatu ilikukuta hospitali kule Jackson, macho yamefumbwa. Jumatano ukaondoka, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa Verlene.

Hatujapoa. Tunakulilia, na siku nyingine tunakukasirikia, halafu tunakulilia tena.

Siku hizi meza ya kupimia iko mlangoni, na watu hupimwa kabla ya wimbo wa kwanza. Mtu akianguka, kinanda kinanyamaza, muuguzi anamtazama uso kwanza. Wazee wengine walinung'unika. Verlene aliwaacha wanung'unike.

Kwenye meza hiyo, majira ya kuchipua, alimshika Lavelle mkono na hakuuachia upesi.

"Sema basi, shemeji," Lavelle akamwambia.

"Kesho Jumatatu. Tunakwenda."

Lavelle alianza kusema kitu kuhusu mazoezi ya kwaya, akayaona macho ya Verlene, na kesho yake akaenda. Damu yake ilitoa majibu kama yako. Alibandikwa kifaa, mapigo yakaonekana, na sasa anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Jumapili hii ataupiga wimbo wako. Tutauanzia mstari wa pili, pale ulipoishia, tuufikishe mwisho.

Wanaokukumbuka ni mkeo Verlene. Binti yako Shanetta na mumewe Royce. Wajukuu zako Imani na Tobias. Bibi Ardelia, ambaye nyasi zake sasa anazikata Royce. Na mdogo wako Lavelle, ambaye Jumatatu yake ilifika.

Umo ndani yetu, Thurman, siku zote tulizobakiwa nazo.