Toleo la Kumi na Moja Nililolisoma Miezi Mitano

Mpendwa Shangazi Hilaria, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, naishi huku Gorong'a, nina mimba ya miezi saba, mimba yangu ya kwanza, na ninaogopa kitabu cha katuni.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Mimi nimeolewa nyumba ntobhu, yaani aliyenitolea ng'ombe kwa baba yangu kule Ringwani ni mwanamke, mama mtu mzima anaitwa Teresia, alizaa mabinti wanne wote wakaolewa, hakubaki na mtoto wa kiume wa kusimamisha nyumba yake, kwa hiyo akaniozesha kwa mwanawe ambaye hakuzaliwa, na watoto nitakaozaa na mtu niliyemchagua ni wa nyumba yake. Siku naletwa watu walitania kwamba bwana harusi amechelewa, yuko Nyamongo anachimba dhahabu, atarudi jioni, nikacheka pamoja nao, ila niliona Mama hacheki. Ni mwema Shangazi, tunalima pamoja, tunakula pamoja, kwa miaka mitatu sijasikia neno baya kinywani mwake.

Sasa mimi tangu nikiwa kidato cha pili ni mpenzi wa katuni, na miaka hii miwili mpenzi wa Asiyezikwa, sijui kama unaifahamu, ni katuni ya kutisha inayotoka kila mwezi, inahusu kijana aliyekufa bila kupewa jina wala kaburi, kila toleo anafika kwenye mji wa watu anauliza, "Mimi hapa mnaniitaje?" na wakinyamaza anaondoka zake, lakini mtu akikosea akampa jina, basi jina hilo limekuwa mlango, ameingia na hatoki. Toleo la saba mwanamke mmoja alimpa jina la mtoto wake mchanga, kuanzia hapo mtoto akawa anatazama tu, halii, anayelia ni yule. Tuna kundi letu la WhatsApp, tunabishana mpaka simu zinazima, na matoleo yote kumi na tisa ninayo kwenye sanduku la bati, nimeyafunga na nailoni, huwa nayanunua Nyamongo kwenye duka la madaftari la kaka mmoja anaitwa Sospeter ambaye hunipigia mzigo ukifika.

Mama hajui kusoma, kwa hiyo kila Jumamosi mchana tukikaa nje yeye anapeta ulezi mimi namsomea. Alianza kwa kusikiliza tu, baadaye akawa anamuulizia kama mtu wa ukoo, amefika wapi huyu mura, yaani huyu kijana, amekula nini. Siku ya kwanza kabisa aliniuliza kwa nini hakuzikwa, nikamwambia ndivyo walivyoandika, akasema walioandika wanajua.

Baada ya toleo la kumi na tisa mzigo ukakatika. Sospeter alisema mchoraji anaumwa, kwenye kundi hakuna aliyejua ukweli, Jumamosi ya kwanza nikamwambia Mama bado, ya pili bado, ya tatu Mama hakula. Basi Shangazi nikachukua toleo la kumi na moja, nikalifungua mbele yake, nikaanza kusoma yasiyoandikwa. Nilidhani ni mara moja tu. Nimefanya hivyo miezi mitano, na nakiri kwamba nilifurahia, nilikuwa nashika jembe huku natunga, na nikagundua Mama anafurahi zaidi akisikia mahali anapopajua, kwa hiyo yule kijana nikampitisha Ringwani kwetu, nikamvusha Mto Mara, nikampitisha Nyamongo katikati ya bodaboda na hakuna aliyemwona, kila Jumamosi namsogeza, mpaka Jumamosi moja nikawa nimemfikisha kwenye kijito tunachochota maji, nikafunga kitabu, kwa sababu baada ya hapo hakuna mahali pengine isipokuwa kwetu.

Nikasema imeishia hapo. Mama hakuinua kichwa, aliendelea na ungo wake, akasema:

"Haijaishia hapo. Amekuja mpaka nyuma ya kihenge. Amesimama ameelekea kihenge, ametupa mgongo. Hasemi, kwa sababu hakufundishwa kusema."

Ilikuwa saa nane mchana Shangazi, jua kali, kuku wanachakura. Nilitazama kihenge chetu cha mahindi sikuona kitu. Lakini mbwa wetu tangu siku hiyo hapiti upande ule, anazunguka mbali.

Toka hapo Mama kila mchana anapeleka bakuli la maziwa nyuma ya kihenge, na mimi nikienda kulichukua nalikuta tupu na limefunikwa kifudifudi, nikajiambia ni kuku, lakini kuku hafuniki bakuli.

Wiki tatu zilizopita Sospeter akanipigia kwamba toleo la ishirini limefika, nikapanda bodaboda mpaka Nyamongo, nikalisoma nimesimama palepale dukani. Ukurasa wa mwisho ni picha moja kubwa haina neno hata moja, ni mji wa kijijini, mwanamke mwenye mimba anapeta nafaka, nyuma yake kuna kihenge, na yule kijana amesimama ameelekea kihenge, ametupa mgongo. Nilimrudishia Sospeter kitabu chake, nikafika barabarani, nikarudi nikakichukua. Sasa kiko chini ya magunia, Mama hajakiona.

Jumapili iliyopita tukitoka kanisani Mama akaniambia mtoto ataitwa Kisyeri. Nikamuuliza Kisyeri yupi, maana wazee wa ukoo wake wote huwa ananitajia na huyo sijawahi kumsikia, akanijibu kwa upole kabisa, "Ni jina lake. Amelisubiri muda mrefu." Nikauliza akiwa wa kike je, akaongeza mwendo. Ameshawaita binti zake waje siku ya kutoa jina. Tangu siku hiyo silali vizuri, chakula hakipiti, mtoto naye amepunguza kucheza tumboni, na nikikaa kupeta nahisi kuna mtu nyuma yangu lakini sigeuki.

Nifanyeje Shangazi? Nikimwambia niliyomsomea ni uongo wangu, nitakuwa nimemnyang'anya mwanawe, pengine atanirudisha Ringwani na aibu yangu. Nikinyamaza, mwanangu atapewa jina ambalo mimi kama mpenzi wa katuni ile najua linafanya nini. Na kama ni uongo wangu, mbona kitabu kimekubaliana na Mama? Ukinijibu niite Gati, si jina langu.

Wako, Gati, Gorong'a.


SHANGAZI HILARIA ANAJIBU

Gati,

Kabla hujaendelea, weka gazeti chini. Umeniandikia kurasa nne za vizuka na magunia, na katikati umechomeka kwamba mtoto amepunguza kucheza tumboni, kama vile unanieleza bei ya vitunguu. Jamani! Huo ndio ulipaswa kuwa mstari wa kwanza. Namba uliyoandika nyuma ya bahasha nimeipiga siku mbili haipatikani, ndiyo maana nakugombeza hadharani. Nenda kituo cha afya leo hii, waambie hivyo hivyo, wasikilize moyo wa mtoto. Usisubiri Jumamosi, usisubiri mtu wa kukusindikiza.

Umerudi? Haya, sasa tuzungumze.

Kwanza pole, na pole hiyo naitoa moyoni, kwa sababu hofu ni hofu hata ikitoka kwenye karatasi. Lakini binti, njia ya mwongo ni fupi. Uliyemleta kijana yule hatua kwa hatua mpaka kijitoni ni wewe, kwa mdomo wako, halafu unashangaa amefika. Ulitaka aende wapi?

Pili, unaniambia Mama Teresia hajui kusoma. Sawa. Kwani ni kipofu? Katuni ni picha, Gati! Mwanamke aliyekulia kwenye ng'ombe, anayemtambua ng'ombe wa jirani kwa mabaka yake akiwa bado ng'ambo ya mto, wewe umfunulie jalada lile lile Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miezi mitano, asijue? Alijua tangu siku ya kwanza. Alikaa na ungo wake akakuacha utunge, kwa sababu ulikuwa unamletea mtu anayemtaka. Ninyi mliosoma mna dharau moja ndogo ambayo hamuijui, mnadhani asiyejua herufi hajui kitu.

Bakuli lisikusumbue. Kweli kuku hafuniki bakuli, lakini mama mkwe anafunika. Vihenge viko nchi nzima, na wanawake wajawazito wanaopeta nafaka hawajaadimika, mchoraji hakuhitaji kuja Gorong'a kuwaona. Ila kwamba Mama alisema ametupa mgongo, na kitabu kikaja kuchora mgongo, hilo sijui. Nimekaa nalo tangu Jumatatu, nimemuuliza na mchungaji wangu, na sijui. Nimewashauri watu miaka kumi na sita bila kuwadanganya na sitaanza na wewe. Mbwa naye simwelewi.

Ninachokielewa ni kwamba umeogopa kitabu mpaka ukashindwa kumsikia mtu. Hebu rudia maneno ya Mama taratibu. Mwanamke ambaye kila mtu anajua hakuzaa mtoto wa kiume ana jina la mtoto wa kiume, na halikuhitaji kutafutwa, lilikuwepo. Anajua mahali anaposimama, si mlangoni, si penye mifugo, ni nyuma ya kihenge. Na anajua kwamba hakufundishwa kusema. Sasa wewe niambie, nani anakufa kabla ya kufundishwa kusema?

Wapo wanawake wengi, na si huko kwenu peke yake, waliozaa kichanga kikalia siku moja au hakikulia kabisa, kikafunikwa udongo nyuma ya nyumba kabla jua halijapanda, na mama akaambiwa nyamaza, utazaa mwingine. Akazaa wengine. Alipozaa wasichana peke yao watu wakasema hana mtoto wa kiume, na yeye akanyamaza kama alivyoagizwa, hata siku anakuleta wewe na watu wanatania kuhusu bwana harusi. Kisha ukaja na kitabu cha kijana asiye na jina wala kaburi. Angeachaje kukusikiliza?

Naweza kuwa nimekosea. Kama nimekosea, Mama atakwambia, na utakuwa umepoteza mchana mmoja tu. Lakini usiende kubishana naye kuhusu jina, na usimpelekee kanuni za toleo la saba. Jina la marehemu aliyeliliwa mtoto hulibeba bila shida, na ukoo wenu umejaa watoto wa namna hiyo, wanacheza, wanakula, wanavunja vikombe. Linalomwelemea mtoto ni jina la mtu aliyefichwa. Kwa hiyo kazi yako si kulizuia jina, kazi yako ni kuhakikisha mwenye jina ameliliwa kabla mwanao hajazaliwa, na binti zake wanne wakija waje kwa msiba kwanza, sherehe baadaye. Mama akikuambia hakuna mtu kama huyo, basi hapo nakuruhusu ukatae, umwambie kwa heshima kwamba unaomba jina la babu yake au la bibi yake, na ukiona anasita mtafute binti yake mkubwa akusaidie kusema.

Ungama kwanza, maneno machache tu, Mama yale nilitunga, nisamehe. Hatakurudisha Ringwani. Angetaka kukurudisha angekurudisha Jumamosi ile ya kwanza alipoliona jalada. Kile kitabu kitoe kwenye magunia umpe mkononi akitazame mwenyewe, usimsomee, usimweleze. Akae nacho hata mpaka jioni kama anataka.

Akikirudisha, sogeza kigoda, kaa karibu naye, chukua na wewe ungo mpete pamoja, ili asilazimike kukutazama usoni. Ndipo umuulize, na uulize vizuri. Usimuulize kama alikuwepo. Muulize alikuwa wa ngapi kuzaliwa.

Shangazi Hilaria