Kadi Ndani ya Kamusi

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu za baba yako. Natumaini wewe na mumeo hamjambo, na kwamba mjukuu wangu Panzi, hata kama haruki kwa sasa, bado ana kelele zake. Mimi napumua. Daktari ameacha kunitania, na daktari akiacha utani mgonjwa huelewa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza kwamba Panzi aliruka kamba shuleni akatua vibaya, kifundo cha mguu kikateguka. Kwamba picha haikuonyesha mfupa uliovunjika, na uvimbe umekwisha, ila bado anakanyagia ukingo wa unyayo. Daktari anataka aende kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo mara kumi. Mumeo anasema watoto hupona wenyewe, na kwamba huko ni kumpeleka mtoto aliyeumia kwa kucheza akachezeshwe tena. Wewe unahofia masomo yake. Mwishowe mmeamua babu akate shauri, kwa kuwa ndiye mwenye akili.

Mpeleke. Mara zote kumi, asikose hata moja.

Ningeweza kuishia hapo, ukaendelea kuniona mwenye akili. Lakini sina muda wa kukudanganya tena.

Tangu nipooze upande wa kulia, kila Jumanne na Ijumaa anakuja mtu kuninyoosha vidole. Ana mvi na mikono yenye joto. Hunipa soksi iliyokunjwa, akaniamuru niikamue kana kwamba imetoka majini. Mwandiko huu, mbaya kama wa mtoto wa darasa la kwanza, ni kazi yake. Wiki iliyopita, akiwa ameshika kidole gumba changu, aliniuliza kama kile kifundo cha binti wa Mwalimu kilipona. Nikamjibu kwamba kilipona kabisa.

Wewe unajua hakikupona. Ulikuwa na miaka tisa ulipoanguka kwenye ngazi za shule. Ulipewa kadi ya kuhudhuria mazoezi mara kumi, na hadithi unayoiamini ni kwamba mama yako alikupeleka mara mbili, akachoka, akarudi kwenye cherehani yake. Umechechemea miaka thelathini na minne, na hadithi hiyo umeibeba tangu ukiwa na miaka kumi na mitano. Niliitunga mimi.

Mama yako hakuchoka. Mara ya tatu alishikwa na homa, nikakupeleka mimi, ingawa pengine siku hiyo umeisahau. Nakikumbuka chumba kile, harufu ya dawa ya kuchua, kioo kikubwa ukutani. Akatokea kijana wa koti jeupe, akaniamkia shikamoo Mwalimu, akanivutia kiti. Nilimtambua. Nilikuwa nimemfundisha hesabu, nikambandika jina la Sufuri, na shule nzima ikamwita hivyo mpaka alipohama. Hakuonyesha kinyongo. Alisema kwa kicheko kwamba leo Mwalimu atahesabu na yeye atasahihisha: nifike ishirini huku wewe umesimama kwa mguu mmoja. Nawe ulicheka. Nilihesabu mpaka kumi na mbili, nikakushika mkono, tukatoka. Sikuweza kukubali Sufuri anisahihishe mbele ya mwanangu.

Nyumbani nilimkataza mama yako kukurudisha kule. Alilia, akaniambia mguu wa mtoto si mahali pa kuwekea kiburi changu. Nikamwambia akienda huko asirudi kwangu. Kadi nikaifungia ndani ya kamusi, kitabu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila mimi.

Ulipochekwa kwenye mbio, ukiwa na miaka kumi na mitano, ulirudi unauliza kwa nini hukumaliza mazoezi. Nilikwambia mama yako alikupeleka mara mbili akachoka, umuulize mwenyewe. Alinitazama, akangoja niseme ukweli, kisha akainama akaendelea kupiga pindo. Tangu siku ile hukumwita mama tena. Ulimwita yule mshonaji, hata mbele ya wageni, nami nikakuacha. Vile vipande laini ulivyokuwa ukivikuta ndani ya viatu vyako, upande wa kisigino, havikutoka dukani. Alikuwa akivishona ukiwa umelala. Siku ya mazishi yake ulisimama nyuma kabisa pamoja na majirani, nami nikapokea pole yako kama mtu aliyeonewa.

Kadi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ina alama tatu na nafasi saba tupu. Mumeo akileta ubishi kuhusu Panzi, mwonyeshe, kisha mwambie akutazame unavyotembea.

Ijumaa nitamwambia mtaalamu wangu ukweli, na nitamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wewe sikuombi unisamehe. Aliyepaswa kuombwa alikaa nami chumba kimoja hadi siku yake ya mwisho, na sikumwomba.

Msalimie mumeo. Mwambie Panzi kwamba babu naye anafanya mazoezi, ila yeye asiwe mvivu kama babu. Na ukipata nafasi ya kusafiri, usianzie kwangu hata ukisikia nimezidiwa. Anzia kaburini kwa mama yako, umwite mama. Mimi nitasubiri, na kama nitashindwa kusubiri, nitakuwa nimelipata ninalostahili.

Ni mimi baba yako, kwa mkono ulionyooshwa na mtu niliyemwita Sufuri.